Mitindo mipya ya nguo za kike: nichukue ipi, niache ipi, na mtindo wangu mwenyewe nitaujuaje?

Mvaaji_Makini

Habari zenu wadau wa mitindo. Naomba ushauri wa vitendo, siyo "jiamini tu dada, utapendeza".

Kila upande sasa ni suruali pana za kiuno cha juu, jinzi zilizojaa mapajani kisha zikabana kifundoni kama pipa, sketi ndefu za satini, bleza kubwa, vizibao vinavyovaliwa bila blauzi ndani, na viatu bapa vya mtindo wa baleti. Rangi nazo ni kahawia ya chokoleti, njano ya siagi na sasa nyeupe.

Vipimo vyangu: urefu sm 160, kifua 92, kiuno 74, nyonga 102, mguu wa ndani 73. Kazi ni ya ofisini, wikiendi matembezi ya kawaida. Nataka kujua: (1) mtu anaanzaje kuutambua mtindo wake, (2) kati ya hivyo nilivyotaja kipi kitadumu, (3) dukani niangalie nini ili nguo isiishie kabatini.

---

PimaKwanza

Mtoa mada, anza na swali la kwanza maana hayo mengine yanalitegemea.

Usianze na picha za mitandaoni, anza na kabati. Toa nguo unazozirudia kila wiki, zile ambazo hata zikiwa zimefuliwa jana unazitafuta tena. Zilaze mezani uzipime kwa futi ya fundi: urefu wa blauzi kutoka bega hadi pindo, upana wa kifua, urefu wa suruali kutoka msamba hadi juu ya mkanda wa kiuno, upana wa mguu kwenye pindo. Andika. Utakuta namba zinajirudia, labda suruali zako zote unazozipenda zina msamba hadi kiuno sm 27 hadi 29, au blauzi zote zinaishia sm 5 chini ya kiuno. Namba hizo ndizo mtindo wako kwa kiasi kikubwa, na ukienda dukani na futi mkobani utachuja nguo kabla hata ya kuijaribu. Namba ya saizi iliyoandikwa kwenye lebo haisaidii sana kwa sababu kila mtengenezaji ana jedwali lake.

Halafu jipige picha kila siku kabla ya kutoka, kwa wiki mbili. Simu iwe kwenye kimo cha kitovu, umbali usiopungua mita 2, mahali palepale. Simu ikiwa juu ya kichwa miguu inaonekana mifupi. Ikiwa karibu sana lenzi pana inavimbisha kilicho mbele. Watu wengi wanaichukia suruali isiyo na kosa lolote kwa sababu ya picha mbaya. Ukizitazama picha zote kwa pamoja, andika maneno matatu: la kwanza linaeleza unavyovaa sasa (mfano "nadhifu"), la pili unakotaka kufika ("jasiri"), la tatu jinsi unavyotaka kujisikia ("mwepesi"). Nguo isiyogusa hata mawili kati ya hayo, iache.

Mtindo mpya ukija, uvunje vipande: umbo, urefu, kitambaa, rangi, mapambo. Kama vipande vitatu tayari unavivaa, ujaribu mzima mzima. Kama ni kimoja tu, chukua hicho kimoja. Mtu anayevaa suruali nyembamba za kitambaa chepesi akirukia jinzi ya pipa amebadilisha umbo, kitambaa na urefu kwa siku moja, na viatu vyake vyote vinakuwa havifai. Hapo ndipo nguo inapolala kabatini, na anailaumu nguo.

---

Sindano_na_Uzi

Naongezea upande wa ukaaji wa nguo, maana mitindo ya sasa ni mipana na wengi wanadhani nguo pana haina vipimo. Nguo pana ndiyo inayotaka vipimo zaidi: kuna sehemu moja au mbili tu zinazoishikilia mwilini, zikikosea hizo imekwisha.

Suruali pana (bwanga). Inashikwa kiunoni na juu ya nyonga tu. Mtoa mada, tofauti ya kiuno na nyonga yako ni sm 28, na suruali nyingi za dukani hukatwa kwa tofauti ya sm 24 hadi 26 hivi. Kwa hiyo ukinunua kwa kipimo cha kiuno itakubana nyonga, mifuko ya pembeni itafunguka kama masikio. Nunua kwa kipimo cha nyonga, kisha kiuno kipunguzwe kwenye mshono wa katikati nyuma. Hapo unaweza kutoa hadi sm 4 bila shida. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana na mshono wa msamba unapinda, afadhali fundi agawe kwenye dati mbili (mikunjo iliyoshonwa ya kubana kiuno) na mishono ya pembeni.

Kujua kama msamba unakutosha: kaa kwenye kiti kigumu, pima pembeni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, ongeza sm 2. Hicho ndicho kina cha msamba unachohitaji kwa suruali ya kiuno cha juu ya kitambaa kisichovutika. Usikichanganye na kile kipimo cha PimaKwanza kinachofuata mshono wa mbele. Huo umejipinda, kwa hiyo namba zake hazifanani.

Ukisimama mbele ya kioo, soma mikunjo. Mistari ya mlalo kwenye nyonga maana yake upana hautoshi. Mistari inayotoka kwenye msamba kuelekea juu pande zote mbili maana yake mshono wa msamba mbele ni mfupi, na hilo halirekebishiki kirahisi kwa sababu nyama ya kitambaa haipo. Kitambaa kinacholegea na kukunjana chini ya makalio maana yake nyuma kumezidi. Hilo fundi anaweza kulipunguza.

Pindo la suruali pana liishe sm 1 hadi 1.5 juu ya sakafu ukiwa na kiatu chake. Sisemi viatu, nasema kiatu. Suruali moja haiwezi kuvaliwa na kisigino cha sm 7 leo na kiatu bapa kesho: ama itafagia ama itaning'inia. Amua mapema. Na uifue kwanza kabla ya kukata, hasa ya pamba, maana inaweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Kwenye mguu wa sm 73 hizo ni zaidi ya sm 2, zinatosha kuiharibu kabisa.

Jinzi ya pipa. Hapa uwe makini kwa sababu ya urefu wako. Mshono wake umekatwa kwa kupinda, na sehemu pana zaidi inatakiwa ikae usawa wa goti au juu yake kidogo. Iliyokatwa kwa mtu mrefu, kwako sehemu hiyo itashuka kwenye ugoko na utaonekana umevaa jinzi ya mtu mwingine. Kuikata chini hakuponyi, kwa sababu unakata palipobana na kubakiza palipo pana. Tafuta iliyotengenezwa fupi, mguu wa ndani sm 66 hadi 68, iishie kwenye kifundo au sm 2 juu yake.

Bleza kubwa. Mabega, mabega, mabega. Bleza ya kukusudia kuwa kubwa huzidi mfupa wa bega kwa sm 2 au 3, na pedi inaibeba sehemu hiyo. Ukiona kibonyeo kwenye mkono chini kidogo ya bega, pedi imepitiliza na hapana kitu cha kuishika. Kupunguza mabega ni kuifumua bleza: mkono, pedi, bitana, kola wakati mwingine. Usinunue kwa matumaini. Mikono ya bleza inapunguzika hadi sm 4 kutokea chini kama vitundu vya vifungo kwenye mkono ni vya uongo. Kama ni vya kweli, kazi inahamia begani. Kwa kimo cha sm 160, bleza inayovuka katikati ya paja juu ya suruali pana inakula miguu yote. Iishie pale nyonga inapoishia.

Kizibao kinachovaliwa peke yake kinaharibika kwenye shimo la mkono. Likipwaya fundi apandishe mshono wa bega sm 1 hadi 1.5. Vifungo vikitengeneza umbo la X kifuani, chukua saizi ya juu na upunguze ubavuni. Na kishuke sm 4 hivi chini ya juu ya mkanda wa suruali, vinginevyo ukiinua mkono tumbo liko nje, na ofisini hilo litakusumbua kutwa.

---

Uzi_wa_Pamba

Sindano kamaliza kushona, mimi nipige kwenye kitambaa. Lebo ya ndani isome kabla ya bei.

Jinzi ya pipa inahitaji denimu nzito, gramu 400 hadi 475 kwa mita ya mraba (wauzaji wataandika oz 12 hadi 14), na elasteni (uzi unaovutika) isizidi asilimia 1. Ikiwa laini, ule mpindo unaanguka na unabaki na suruali iliyolegea tu. Elasteni ya asilimia 2 au 3 inafaa jinzi za kubana, na hata hizo hutoka magoti kadiri zinavyovaliwa.

Suruali pana ni kinyume: inataka kitambaa kinachotiririka. Viskosi (kitambaa laini kinachotokana na miti) iliyochanganywa na polista kidogo, au sufu nyepesi. Viskosi tupu inaning'inia vizuri sana ila ikilowa inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo ukiikamua kwa kuisokota inachanika au kupinda mishono. Maji baridi, ikamue kwa kuifinya ndani ya taulo.

Fulana nyeupe ya kuvalia bleza: chini ya gramu 160 itaonyesha ndani. 180 hadi 220 ndiyo inayokaa. Duka lisipoandika uzito, tia mkono ndani. Ukiona wazi mipaka ya vidole, rudisha.

Majaribio matatu ya haraka dukani, hayahitaji mtaalamu. Finya kitambaa ngumini kwa sekunde 10 kisha achia: mikunjo ikibaki mikali, ndivyo itakavyokuwa ukiinuka kitini (kitani kimesamehewa, kukunjika ndiyo tabia yake). Vuta mshono pande mbili taratibu. Ukiona nyuzi zimetengana kama ngazi, mshono ni dhaifu au nyuzi zimelegea. Na hesabu mishono: blauzi nzuri ina mishono 4 au 5 kwa sentimita, ikiwa 2 au 3 kwenye kitambaa chepesi, walikuwa na haraka.

Sweta za akriliki nyingi hufanya vijidonge kwapani na ubavuni mapema. Mimi hizo sizipendi hata zikiwa na rangi nzuri.

---

Rangirangi

Kuhusu rangi. Kahawia ilivuma sana baada ya Pantone, kampuni ya rangi, kuitaja Mocha Mousse kuwa rangi ya mwaka 2025, na kwa 2026 wakataja Cloud Dancer, ambayo ni nyeupe tulivu. Hayo ni matangazo ya biashara, si amri. Kahawia nunua bila wasiwasi, inakaa na nyeusi, bluu ya jinzi, maziwa, waridi, hata nyekundu iliyoiva.

Njano ya siagi ina mtego. Ni rangi hafifu yenye joto, kwa hiyo ikikaa shingoni kwa mtu ambaye ngozi yake ina upande wa waridi au kijivu, uso unafifia. Jaribu dirishani mchana, bila vipodozi, ukilinganisha na kitambaa cheupe kidevuni. Usiamini taa za chumba cha kujaribia, nyingi ni za njano na zinaipendelea rangi hiyohiyo. Tazama chini ya macho na pembeni mwa mdomo: vivuli vikikoza, rangi hiyo ishushe kiunoni, iwe sketi, kiatu au mkoba. Huko haigusi uso.

---

PimaKwanza

Rangirangi, hapo kwa jaribio la dirishani nakubali, ila haya mambo ya kumgawa kila mtu katika "misimu" ya rangi (wewe wa kiangazi, yule wa baridi, kulingana na ngozi) yametiwa chumvi. Tofauti ya mwanga kati ya ngozi, nywele na nguo ina uzito kuliko joto au ubaridi wa rangi. Ukitaka kuiona, geuza picha yako iwe nyeusi na nyeupe. Kama uso na nywele vimetofautiana sana, nguo zenye mpambano mkali zinakubeba. Kama vimekaribiana, nyeusi na nyeupe pamoja zitakumeza, afadhali toni zinazofuatana.

---

Rangirangi

Sikusema misimu popote, lakini jaribio la picha nyeusi na nyeupe ni zuri. Linafanya kazi kwa kila rangi ya ngozi. Nimekubali.

---

KabatiDogo

Swali la pili la mtoa mada limerukwa. Kipi kitadumu?

Kipimo changu ni kuuliza umbo hilo limeshawahi kurudi mara ngapi. Suti ya suruali kwa mwanamke siyo upepo wa msimu. Mbunifu Yves Saint Laurent alitoa Le Smoking, suti ya jioni ya wanawake, mwaka 1966 na hadi leo wabunifu wanaizungukia. Koti lenye kiuno lilipata nguvu na kazi ya Christian Dior ya 1947, likafifia, likarudi, na bado linarudi. Nguo za satini za mshazari (kitambaa kikikatwa kwa kukigeuza pembe) zilivaliwa miaka ya 1930, zikarudi kama gauni za shimizi miaka ya 1990, na ziko tena. Umbo lililorudi mara mbili tatu, linunulie kitambaa kizuri, maana hata likififia utalivaa tena.

Jinzi ya pipa siiwekei dhamana. Umbo lake lina alama kubwa mno, mtu akiiona anajua ni ya miaka ipi. Kama unaipenda, chukua ya mitumba au ya bei nafuu, uivae sana sasa. Jinzi iliyonyooka kutoka nyonga hadi chini ndiyo ya kuweka hela.

Kiuno cha chini cha miaka ya mwanzo ya 2000 nacho kinajirudisha. Kwa tofauti ya sm 28 uliyo nayo, kiuno cha chini kinakaa mahali mwili unapotanuka, kwa hiyo kitapwaya nyuma kila ukikaa. Acha kipite.

Kabla ya kulipa: taja mavazi matatu kamili, pamoja na viatu ulivyonavyo tayari. Ukikwama kwenye la tatu, hiyo nguo inakuja na nguo nyingine nyuma yake na bajeti yako haikuihesabu.

---

Mvaaji_Makini

Asanteni sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Futi inaingia mkobani.

Nina mambo mawili yamebaki. Sketi ya satini: kila ninayojaribu inanata nyongani na kuonyesha mistari ya chupi, na nyingine pindo lake linapanda na kushuka kama wimbi. Tatizo ni saizi, kitambaa au mshono? Na vile viatu vya baleti, vinaenda na suruali pana au vinafupisha?

---

Sindano_na_Uzi

Yote matatu, dada, lakini tuanze na ukataji. Sketi hizo hukatwa mshazari, yaani kitambaa kinageuzwa digrii 45 ili uzi wa urefu usishuke wima. Mbinu hiyo mbunifu Madeleine Vionnet aliifanya maarufu miaka ya 1920 na 1930. Faida yake kitambaa kinavutika na kufuata mwili bila elasteni. Hasara yake ni hiyohiyo: kikivutika kwa upana kinapanda kwa urefu. Kwa hiyo ukichukua ndogo, inanata nyongani na mbele inapanda.

Saizi: pima sketi ikiwa imelala bila kuivuta, mahali pa nyonga, yaani sm 20 hivi chini ya kiuno. Upana huo uzidishe mara mbili. Kwa nyonga 102 tafuta isiyopungua 106. Kiuno kikizidi, nyingi zina lastiki, inafupishwa kirahisi.

Pindo la wimbi: sehemu zilizokaa mshazari kamili hushuka kwa uzito wake, nyingine hazishuki. Ilitakiwa itundikwe kwa saa 24, au zaidi kama kitambaa ni kizito, ndipo ikatwe pindo. Viwandani wengi hawasubiri. Dawa: itundike kwa kubana kiunoni na vibanio, siku inayofuata ivae, mtu apime kwa rula kutoka sakafuni kuja juu na kuweka pini kila sm 8 au 10 kuzunguka. Kata kufuata pini, siyo kufuata pindo la zamani. Pindo jipya liwe jembamba, mm 5 hivi likunjwe mara mbili. Pindo pana kwenye mshazari linavuta na kujikunja.

Mishono ya pembeni ikiwa imejikunyata, uzi umekazwa kuliko kitambaa kinavyovutika. Fundi afumue, ashone tena kwa zigizaga nyembamba sana, upana mm 0.5 na urefu mm 2.5, sindano mpya namba 60 au 70, mkazo wa uzi upunguzwe kidogo. Sindano butu kwenye satini inavuta nyuzi na alama hizo hazitoki.

---

Uzi_wa_Pamba

Na kuhusu kunata: satini ni aina ya ufumaji, siyo malighafi, kwa hiyo kuna ya hariri, ya viskosi na ya polista. Ya polista ndiyo inayobeba umeme tuli na kuganda miguuni, hasa hewa ikiwa kavu. Shimizi ya viskosi au pamba laini chini yake inatatua mambo mawili kwa mpigo, kunata na mistari. Shimizi iwe fupi kuliko sketi kwa sm 5. Chupi iwe isiyo na mshono, rangi inayolingana na ngozi yako. Nyeupe chini ya satini ya rangi hafifu inaonekana kuliko unavyodhani. Kupaka losheni miguuni kunapunguza umeme huo kiasi.

Pasi: upande wa ndani, moto wa chini, bila kunyunyiza maji. Matone yanaacha madoa kwenye satini za aina nyingi.

---

KabatiDogo

Viatu vya baleti na suruali pana vinaenda, mradi pindo limekatwa kwa ajili yao kama Sindano alivyosema, na ncha ya mbele ionekane. Yenye ncha iliyochongoka kidogo au ya mraba inatokeza chini ya kitambaa. Ya mviringo inapotea na unaonekana huna miguu. Angalia pia soli: nyingi ni za mm 3 au 4 tu, lami unaisikia. Tafuta mm 6 na kuendelea, au weka soli nyembamba ya ndani, lakini basi ongeza nusu saizi, la sivyo kisigino kitakuwa kinachomoka.

Ukivivaa na jinzi ya pipa ndiyo vinakaa vizuri zaidi, kwa sababu mguu uko wazi kifundoni. Raba nene hapo zinafanya mguu mzima kuwa mzito.